CHEO CHA MTU NA AFYA YAKE

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe mmoja wa kamati katika mkutano wa wanachama wa tawi la Kisumu. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo wasiweze kuhudhuria.)



Kamati ilipokusanya madai yenu kwa ajili ya mazungumzo na waajiri, tulipokea karatasi nyingi. Nyingi zataja mshahara, posho ya nyumba na malipo ya saa za ziada, na hayo hayamshangazi mtu. Lakini nilipozipanga mezani niliona jambo. Mwisho wa karatasi, mahali pa "mengineyo", watu wameandika maneno ya namna nyingine kabisa. Mmoja asema choo cha makarani kina kufuli, na cha wapakiaji hakina hata mlango. Mwingine asema orodha ya zamu hubandikwa Jumapili jioni, naye hulala bila kujua Jumatatu ataamka saa ngapi. Mama mmoja ameandika mstari mmoja tu: "Msimamizi hajui jina langu, huniita wewe."

Palikuwa na mjumbe aliyesema kwamba haya ni mambo madogo, tuyaondoe yasije yakapunguza uzito wa dai la mshahara. Ndipo nikaomba ruhusa ya kusema mbele yenu leo. Nataka kuonyesha kwamba haya si madogo, wala si habari ya kiburi. Ni habari ya moyo, damu, usingizi, na miaka ambayo mtu atakaa duniani na watoto wake.

Wako madaktari na wataalamu wa elimu ya nafsi ambao huwaonyesha watu picha ya ngazi yenye vipandio 10. Juu kabisa, huwaambia, wamesimama wenye fedha nyingi, elimu kubwa na kazi za kuheshimiwa. Chini kabisa wamesimama wasio na fedha wala elimu, wenye kazi duni au wasio na kazi. Kisha huuliza: wewe wasimama wapi? Mtu hutia alama, basi. Haulizwi hati ya mshahara wala cheti cha shule. Ajabu ni kwamba alama ile huelekea kueleza habari za mwili wake, na mara nyingi hueleza hata pale ambapo mshahara na masomo ya watu wawili ni sawasawa.

Mwaka 2008 zilitolewa habari za watu 193 wa Marekani, wote wazima, waliokubali kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua na kuwekwa mahali pa peke yao ili ionekane nani ataugua. Wote walitiwa virusi. Lakini waliojiweka vipandio vya chini waliugua zaidi kuliko waliojiweka juu, na hata baada ya kuhesabu kipato na elimu yao ya kweli, tofauti ile haikuondoka. Sehemu ya sababu ilionekana kuwa usingizi: aliyejiona chini alilala vibaya. Mkumbuke yule mwenzetu wa orodha ya Jumapili jioni.

Labda mtu atasema: wanaojiweka chini ni maskini, na maskini huugua, ajabu iko wapi? Swali hilo ni zuri. Jibu lake lapatikana mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kulala njaa.

Whitehall ni mtaa wa London penye ofisi kuu za serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 madaktari waliwapima wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi katika ofisi hizo, watu wa miaka 40 hadi 64, kisha wakafuata habari zao mwaka hadi mwaka. Daktari Michael Marmot ndiye aliyejulikana zaidi kwa kueleza yaliyoonekana. Watu hao wote walikuwa na kazi ya kudumu, mshahara usiokosa, pensheni, na matibabu ya serikali bila malipo. Lakini katika muda wa miaka saba na nusu, wale wa daraja la chini kabisa, matarishi na watu wa kazi kama hizo, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu na zaidi kuliko mabwana wa daraja la juu. Wala si wa juu kabisa na wa chini kabisa tu. Makarani walikuwa katikati. Kila daraja lilikuwa na vifo zaidi kuliko daraja lililo juu yake, kama vile mtu ashukavyo ngazi hatua kwa hatua.

Walivuta sigara zaidi? Ndiyo, wa chini walivuta zaidi. Lakini hata hesabu ya sigara, shinikizo la damu na mafuta ya damu ilipoondolewa, sehemu kubwa ya tofauti ilibaki pale pale. Sisi hapa twapenda kusema kwamba mkubwa ndiye afaye kwa presha kwa sababu ya mawazo mengi. Hesabu ya London yasema kinyume. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa watu zaidi ya 10,000, wanawake wakiwamo, ulionyesha jambo ambalo mpakiaji yeyote wa hapa angaliweza kuwaambia bila kipimo: kazi iharibuyo moyo si ile iliyo nyingi tu, bali ile ambayo mtu hana neno juu yake. Wale wasioweza kuamua kazi yao waifanye vipi, na kwa mwendo gani, waliugua moyo zaidi.

Huingiaje mwilini jambo hili? Mvuvi akikutana na kiboko karibu na Dunga alfajiri, moyo wake hupiga mbio, damu hukimbilia kwenye misuli, sukari iliyowekwa akiba hutolewa, na tumbo huacha kazi yake kwa muda. Huo ni mpango mwema wa Mungu, nao wafaa kwa dakika tano. Kiboko akienda zake, mwili hurudi kama kawaida. Lakini msimamizi haendi zake. Yuko Jumatatu, yuko Jumanne, na mwenye deni yuko mlangoni Jumamosi. Mwili wa mtu wa namna hiyo hukaa tayari kukimbia mwaka mzima, na mashine isiyozimwa kamwe, mafundi walio hapa wajua mwisho wake.

Katika nchi yetu hii Mmarekani mmoja, Robert Sapolsky, alikaa miaka mingi huko Maasai Mara akichunguza nyani. Msicheke, wala simfananishi mwanachama na nyani. Aliona kwamba madume wa chini, wapigwao na kunyang'anywa chakula bila kosa, walikuwa na homoni ya hofu, iitwayo kotisoli, kwa wingi katika damu hata siku ya utulivu. Kisha katikati ya miaka ya 1980 kundi moja likapatwa na msiba. Madume wakali zaidi walizoea kwenda kula takataka za hoteli ya watalii. Wakapata kifua kikuu kwa nyama mbovu, wakafa. Madume waliobaki walikuwa wapole. Basi kundi likashika desturi mpya. Ngazi haikuondoka, bado alikuwako wa kwanza na wa mwisho. Ila wa juu hawakumtesa wa chini ovyo, na wa chini hawakuonyesha tena zile dalili za hofu katika miili yao. Hata madume vijana waliohamia baadaye kutoka makundi mengine walijifunza desturi ile.

Mimi naona habari hii yatufaa kuliko zote za London. Vyeo vya kiwandani hatuwezi kuvifuta. Atakuwako meneja, atakuwako msimamizi, atakuwako mwenye kufagia. Lakini namna ambavyo mwenye cheo amtendea asiye nacho yaweza kuandikwa katika makubaliano ya pamoja, ikapigwa muhuri.

Sasa turudi kwetu ziwani. Huko Rarieda, katika Siaya, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika liitwalo GiveDirectly lilipeleka fedha kwa njia ya simu kwa familia zenye nyumba za nyasi, bila kuwaambia wazitumieje. Familia zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Wengine walipata shilingi 25,200, wengine 95,200, na jirani yao mwenye nyumba ya nyasi vilevile hakupata kitu. Wataalamu Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuata mambo yalivyokwenda. Waliopata walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo na mabati, na mioyo yao ilitulia. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, ijapokuwa wako watu wanaopenda kusema kwamba maskini akishika fedha hulewa. Nawaomba mlikumbuke hilo siku mtakapoambiwa mezani kwamba nyongeza ya mshahara itaishia kilabuni.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili yamhusu jirani. Yeye hakunyang'anywa kitu. Shamba lake ni lile lile, na ng'ombe wake ni yule yule. Lakini alipoulizwa kama ameridhika na maisha yake, jibu lake lilishuka kwa kadiri kijiji kilivyopata. Nyumba yake ambayo jana ilikuwa nyumba, leo imekuwa nyumba ya nyasi. Hawakuona kwamba homoni zake zimebadilika au kwamba ameingia katika ugonjwa wa huzuni. Ni kuridhika ndiko kulikoshuka, na kwa kadiri muda ulivyopita maumivu yale yalipungua. Lakini yalikuwako, na yaliletwa na mabati ya mtu mwingine.

Wakubwa watasema huo ni wivu. Mimi siuiti wivu. Mtu hajui kimo chake isipokuwa kwa kujipima na walio karibu naye; hakuna mtu wa Nyalenda anayejipima na mfalme wa Uingereza. Hujipima na yule waliyeanza kazi siku moja, ambaye sasa ameandikwa ajira ya kudumu na yeye bado ni kibarua.

Palifanyika na uchunguzi wa pili, mkubwa zaidi, huko huko Siaya. Kuanzia mwaka 2014 familia zaidi ya 10,000 zilipewa kila moja kiasi cha dola 1,000 hivi, na vijiji 653 vikafuatiliwa. Safari hii fedha zilikuwa nyingi kiasi cha kuzunguka sokoni. Fundi alipata kazi, mwenye duka aliuza, na hata wasiopewa kitu walifaidika. Kila dola moja iliyotolewa ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa huko. Haikuonekana kwamba majirani wameumia. Na taarifa iliyotolewa mwaka 2025 yasema kwamba vifo vya watoto wachanga katika nyumba zilizopata fedha vilipungua karibu nusu. Akina mama waliweza kujifungulia hospitali, na kupumzika na kazi nzito mimba ilipokuwa kubwa. Naliweka jambo hili hapa makusudi, mtaona sababu yake mbele.

Kisumu wenyewe wajua ngazi. Reli ilipofika hapa mwaka 1901 na mahali pakaitwa Port Florence, mji ulipangwa kwa rangi: mwinuko wenye upepo wa ziwa kwa watu fulani, tambarare kwa wengine, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi tu. Alivaa kipande shingoni katika kopo la chuma, naye mwenye ndevu za mvi aliitwa "boi". Mshahara wake ulikadiriwa kana kwamba ni mtu peke yake, asiye na mke wala mtoto. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakupata mshahara wa kutosha mahitaji ya lazima ya afya na maisha ya adabu. Waasisi wa vyama vya wafanya kazi hawakugoma kwa ajili ya senti tu. Wazee waliokuwako husimulia juu ya lile jina "boi" kwa uchungu kuliko wanavyosimulia juu ya mshahara.

Sasa niseme juu ya mwenendo, kwa kuwa cheo hakigusi damu tu, hugusa na mambo tunayotenda.

Kwenye fuo za ziwa hili mwajua neno jaboya. Mwanamke muuza samaki, ili apewe samaki asubuhi, hutakiwa alale na mwenye mtumbwi au mvuvi, juu ya fedha anazolipa. Kwa miaka mingi wahubiri na walimu wa afya waliwafundisha akina mama hawa juu ya ukimwi, na akina mama walijua yote. Walijua kuliko walimu. Walichokosa ni mtumbwi. Mwaka 2011 katika ufuo wa Nduru, hapa kwetu Kisumu, kundi la wanawake lilipata msaada wa kuwa na mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wawavulie. Mwanamke yule yule, ufuo ule ule, lakini sasa yeye ndiye mwajiri, na mvuvi humwamkia kwanza. Biashara ya mwili ikapungua kwa wale waliopata mitumbwi. Sisemi mambo yalikwisha vizuri: mitumbwi ilikuwa michache, mingine ilichakaa, na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 ufuo ule ulifurika na watu wakahama. Lakini ilikwisha kuonekana kwamba ule uliodhaniwa kuwa mwenendo mbaya wa wanawake ulikuwa ni habari ya nani mwenye chombo.

Wala msidhani cheo kidogo ndicho peke yake kiletacho hatari. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2003 ulikuta ukimwi ni mwingi zaidi katika nyumba zenye uwezo kuliko katika nyumba maskini kabisa. Mwenye fedha mfukoni husafiri, hulala mjini, na huonekana mtu wa kutafutwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jambo hili ni jepesi, kwamba maskini ni mgonjwa na tajiri ni mzima.

Na siku ya mshahara je? Tusioneane haya, twajuana. Mtu aliyeitwa "wewe" siku 29, siku ya 30 huingia kilabuni akaagizia meza nzima, kwa kuwa usiku huo ataitwa "mkubwa". Hupita pale Obunga pasipo kununua mgongo wazi, chakula kizuri ambacho kimelisha watoto wetu tangu viwanda vilipoanza kuchukua minofu ya mbuta na kutuachia mifupa, kwa sababu aona haya kuonekana nacho mkononi. Hukopa kwa simu ili achange matangani sawa na wenye mishahara mikubwa. Kisha tarehe 10 huomba mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza, na usingizi huondoka. Watu humwita mpumbavu. Mimi namwona mtu anunuaye kwa bei ghali kitu ambacho angepaswa kupewa bure kazini.

Iko na haya ya hospitali. Wanachama wengi, wanaume hasa, hawaendi kupimwa mpaka waanguke, na nilipouliza sababu wengi hawakutaja malipo kwanza. Walitaja dirishani: jinsi walivyosemeshwa mara ya mwisho, mbele ya watu, kwa sababu ya nguo zao za kazi. Shinikizo la damu halina maumivu, halimwiti mtu. Kwa hiyo aliye na haya ya dirisha hujua habari zake siku mkono mmoja unapokataa kuinuka.

Hapa yatupasa kuwa macho, maana najua maneno haya yaweza kuchukuliwa na mtu mwerevu wa upande wa pili. Atasema: "Vizuri, kumbe jambo liko katika fikira. Basi tutawapa vyeo. Mfagiaji tutamwita afisa wa usafi, tutampa kofia yenye nembo, na mfanya kazi bora wa mwezi picha yake itatundikwa ukutani. Mshahara tuuache." Hasha. Mbu wa malaria haulizi mtu amejiweka kipandio gani. Maji ya kisima kilicho karibu na choo humharisha mwenye kujiamini na asiyejiamini. Ndiyo sababu niliwasimulia habari ya watoto wachanga wa Siaya: wale hawakuokolewa na kofia, waliokolewa na fedha mkononi mwa mama zao. Tena mtu si mtoto. Akiitwa afisa na mfuko wake ni ule ule, anajua amedhihakiwa, na hilo ni dharau ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo dai la mshahara libaki mbele, wala lisipungue hata senti moja. Ninaloomba ni kwamba yale ya "mengineyo" yasiondolewe, bali yaingizwe katika makubaliano kwa maneno yanayoshika, kama yalivyo ya mshahara.

Kwanza vibarua. Katika kazi zetu hapana kitu kishushacho mtu kama kusimama langoni kila asubuhi akingoja kunyoshewa kidole. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au anayefanya kazi isiyoweza kutarajiwa kwisha kwa miezi mitatu, kazi yake yageuka kuwa ya mkataba wa mshahara wa mwezi, na akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu alipoajiriwa kuwa kibarua ana haki ya masharti kama asiyekuwa kibarua. Wako wenzetu wenye miaka minne langoni. Si fadhili tunayoomba kwa ajili yao. Kila mwakilishi wa kazini alete majina na tarehe kwa Katibu, maana bila tarehe hatuna neno la kusema.

Kisha zamu. Orodha ibandikwe siku 7 kabla, na anayetaka kubadilishana na mwenzake aruhusiwe bila kumbembeleza msimamizi. Jambo hili halimgharimu mwajiri hata shilingi moja isipokuwa ile raha ya kutotabirika, na raha hiyo, kwa yale niliyoeleza, yalipwa kwa mioyo yetu. Choo kiwe na mlango, na ufunguo wa aina moja kwa watu wote. Mtu aitwe kwa jina lake. Mengine mtayasoma katika orodha ya kamati.

Pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kuwe na kamati ya usalama na afya yenye wajumbe wa wafanya kazi. Mahali pengi kamati hiyo iko kwenye karatasi tu, ukutani. Tuidai ikutane. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kuwa na neno juu ya mwendo wa mashine, uzito wa magunia na wakati wa kupumzika, nanyi mmesikia kwamba kukosa neno ndiko kunakoua. Tena tudai kila mtu apimwe shinikizo la damu mara mbili kwa mwaka, kwa saa za mwajiri, pale pale kazini, na muuguzi ambaye hatatuuliza kwa nini tumekuja na nguo chafu. Tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya taifa, basi tujue na hali ya miili tunayoilipia.

Naomba na wanawake wa upakiaji wasikilizwe peke yao, wakiwa na Bibi Mtunza Hazina, si mbele yetu wanaume. Sheria ile ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na kanuni iliyoandikwa dhidi ya kuwataka watu kimwili kazini. Jaboya haiko ziwani tu. Iko na mahali ambapo mtu mmoja ndiye anayeandika orodha ya watakaopata kazi kesho.

La mwisho latuhusu sisi wenyewe, nami nalisema kwa heshima, Bwana Mwenyekiti, nikiwa nimeketi kwenye hii meza. Tazameni jinsi tulivyokaa. Sisi wa kamati tuna viti vyenye mito, tuko kivulini, na kila mmoja ana chupa ya soda mbele yake. Wanachama wako kwenye mabenchi, na walio nyuma wako juani tangu saa nne. Yule aliyeniletea soda hii ni mwanachama mwenye miaka 11 katika chama, na sikumsikia mtu hapa mezani akimwita kwa jina. Naomba mkutano ujao meza hii iwekwe chini, usawa na mabenchi, na soda zikitoka zitoke kwa wote au zisitoke kabisa.

Hoja ni hii: kwamba madai ya "mengineyo" yaingizwe yote katika orodha ya chama, sehemu ya pili, mara baada ya mshahara, na kwamba wajumbe wa mazungumzo wasiwe na ruhusa ya kuyaacha ili wapate nyongeza upesi bila kurudi kwanza kwenye mkutano wa wanachama. Nimempa Katibu nakala. Mwenye kuunga mkono aseme, na mwenye kupinga aseme vilevile, hasa yule mwenzangu aliyeyaita madogo, kwa kuwa ni mtu mwenye akili na ningependa kumsikia.